Mchoro wa Atomu Uliokataa Kustaafu

Ingia katika sekondari yoyote hapa Tabora iliyobahatika kuwa na maabara, utaukuta ukutani. Kiduara chekundu katikati, miduara mitatu imekizunguka, na juu ya kila mduara vidoa vya buluu vimejipanga kwa nidhamu ya gwaride. Kidato cha Pili wanauchora kwa bikari, na asiye na bikari anatumia kizibo cha soda. Umo kwenye majalada ya vitabu na kwenye fulana za klabu za sayansi. Hata nembo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, imejengwa juu ya mchoro wa ukoo huo huo.

Mchoro huo ulitawala fizikia kwa miaka 12. Ulizaliwa 1913, na kufikia 1925 watu walioutumia kwa bidii kuliko wengine ndio waliotangulia kuuacha. Tangu hapo imepita karne nzima, nasi bado tunauchora.

Sina ugomvi na mchoro wenyewe. Ugomvi wangu ni namna tunavyoisimulia safari nzima ya atomu darasani. Katika noti zinazonakiliwa kutoka kizazi hadi kizazi, historia hiyo ni foleni ya wazee: kaja Dalton na mpira wake mgumu, akakosea, kaja Thomson, akakosea, kaja Rutherford, akakosea nusu, kaja Bohr, akakaribia, mwisho wakaja wenye wingu la elektroni, wakapatia. Mwanafunzi anatoka na majina matano, miaka mitano na michoro mitano, wala hajui hata mmoja wao aliangushwa na nini. Jibu la swali hilo ndilo somo. Kila mchoro uliangushwa na kipimo, na vipimo vyenyewe havikuanguka. Aliyepima 1808 kwa uangalifu, tukirudia leo tutapata alichopata.

Nianze na Dalton, maana ndiye anayeonewa kuliko wote.

Wazo la chembe isiyogawanyika lilikuwepo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Democritus wa Ugiriki alilisema, Aristotle akalikataa, likalala. Lilikuwa wazo lisilo na mizani: ungeweza kulikubali au kulipinga, na hakuna kitu kingebadilika jikoni wala karakanani. John Dalton, mtoto wa mfumaji aliyeanza kufundisha shule akiwa na umri wa miaka 12 tu, alilileta mezani pamoja na uzito.

Chukua gramu 3 za kaboni. Zikiungua penye hewa haba huchukua gramu 4 za oksijeni na kutoa ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Zikiungua penye hewa ya kutosha huchukua gramu 8. Si 7, wala si 8 na nusu. Ni mara mbili kamili. Kama maada ingekuwa kitu cha kukatwa popote upendapo, kwa nini kaboni ikatae gramu 5 au 6? Dalton aliona kwamba hesabu hii inaeleweka tu ikiwa oksijeni inaingia kwa vipande, kimoja au viwili, na hakuna nusu kipande. Hakuiona atomu, wala hakudai kuiona. Mizani ndiyo iliyomlazimisha.

Kwenye noti zetu hoja hii haimo. Imebaki orodha ya kauli zake, na mbele ya kila kauli kuna sababu kwa nini siku hizi si kweli. Tunamfundisha Dalton kwa ajili ya kumsahihisha.

Na makosa alikuwa nayo, tena moja ni tamu kuliko yale yaliyomo kwenye noti. Kwa kuwa hakuwa na njia ya kuhesabu vipande, aliamua kwamba vitu viwili vikiwa na muungano mmoja tu unaojulikana, basi ni kimoja kwa kimoja. Kwa hiyo maji yakawa hidrojeni moja na oksijeni moja. Mwaka ule ule wa 1808 alipochapa kitabu chake, Gay-Lussac wa Ufaransa alitangaza kwamba gesi huungana kwa ujazo wa namba nyepesi: hidrojeni mbili, oksijeni moja, mvuke mbili. Dalton akakataa namba hizo. Avogadro wa Italia alionyesha mlango wa kutokea 1811, hakusikilizwa. Burton na Speke walipopita hapa Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, na kufika Ujiji Februari 1858, wakemia wa Ulaya walikuwa bado hawajakubaliana maji yaandikwe vipi. Ilibidi Cannizzaro asimame mbele yao katika mkutano wa Karlsruhe, 1860, na kuwakumbusha maneno ya Avogadro aliyekwisha kufa. Nusu karne nzima ilipotea, na wenye akili walikuwa wengi tu.

Lakini mpira wa Dalton haukwenda kaburini. Uko Kigoma, kazini. Akina mama wanaopika sabuni ya mawese wanajua kwamba kilo 1 ya mafuta inataka gramu 140 hivi za kostiki soda. Ukizidisha, sabuni inachubua mikono. Ukipunguza, inabaki na mafuta. Gramu hizo zinatokana na uzito wa atomu za sodiamu, oksijeni na hidrojeni ukilinganishwa na uzito wa molekuli za mafuta. Hakuna elektroni katika hesabu hiyo, hakuna kiini, hakuna wingu. Anayepika sabuni kwa kupima anatumia atomu ya 1808, na sabuni inatoka safi. Kumwambia kwamba atomu hiyo "ilishapitwa na wakati" ni kutojua modeli ni ya nini.

Kati ya Dalton na Thomson kuna mengi, nitayaruka isipokuwa moja. Machi 1869, mwezi ule ule Livingstone alipoingia Ujiji akiwa mgonjwa hoi, jedwali la elementi la Mendeleev lilikuwa likiwasilishwa kule St Petersburg. Jedwali lilikuwa swali lililovaa nguo za jibu: kwa nini tabia za elementi zinajirudia? Mipira migumu isiyo na kitu ndani haina sababu ya kujirudia. Atakayekuja baadaye na mchoro mpya atatakiwa kulijibu hilo.

J. J. Thomson alijua hivyo. Mwaka 1897, pale Cambridge, alipima mionzi inayotoka kwenye bamba la chuma ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa. Aliipinda kwa sumaku, akaipinda kwa umeme, akapata uwiano wa chaji na uzito wa chembe zake. Akabadilisha chuma, akabadilisha gesi, uwiano ukabaki ule ule. Chembe hizo zilikuwa nyepesi kuliko atomu ya hidrojeni kwa zaidi ya mara 1,000. Kipimo cha leo ni karibu mara 1,800. Kitu kimoja, kidogo kuliko atomu, kimo ndani ya kila chuma: ndicho tunachokiita elektroni. Uwiano huo bado umo kwenye majedwali ya fizikia, umeongezewa tarakimu tu.

Mchoro aliouchora 1904 ndio tunaoufundisha kama pudini yenye zabibu, chakula ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona na ambacho Thomson mwenyewe hakukitaja. Mtoto wa Urambo anaandika kwenye mtihani kwamba atomu ni pudini. Linalopotea ni kwamba elektroni za Thomson hazikutawanywa ovyo. Alizipanga katika pete ndani ya duara la chaji chanya, akapiga hesabu ndefu kutafuta pete zenye elektroni ngapi hutulia na ngapi huyumba, akitumaini kwamba kujirudia kwa pete kutaeleza kujirudia kwa jedwali. Swali lilikuwa sahihi kabisa. Tena ni yeye mwenyewe aliyeanza kuubomoa mchoro wake: 1906 alionyesha kwamba elektroni za atomu moja si maelfu kama alivyodhani mwanzoni, bali idadi yake inakaribiana na uzito wa atomu. Kama elektroni ni chache na ni nyepesi hivyo, basi karibu uzito wote uko kwenye ile sehemu chanya ambayo hakuna aliyejua ni nini. (Mwaka huo huo wa 1904 Nagaoka wa Japani alichora atomu yenye kitu kizito katikati na pete kukizunguka. Vitabu vyetu havimtaji, ingawa Rutherford alimtaja.)

Sasa dhahabu.

Ernest Rutherford alizaliwa New Zealand 1871, mwaka ambao Stanley alimkuta Livingstone Ujiji. Kufikia 1909 alikuwa Manchester na tayari ana Nobeli ya kemia. Hans Geiger, msaidizi wake, alimwombea kazi kijana wa miaka 20, Ernest Marsden, ambaye bado alikuwa mwanafunzi. Kazi waliyompa ilikuwa ya kuchosha: kukaa gizani mpaka macho yazoee, kisha kuhesabu kwa hadubini vimetameta vinavyotokea kwenye kioo kila chembe ya alfa, yaani chembe yenye chaji chanya inayorushwa na elementi kama radiamu, inapokigonga. Walitakiwa kuangalia kama kuna chembe zinazorudi nyuma zikigonga bamba la metali. Hakuna aliyetarajia. Katika atomu ya Thomson chaji chanya imesambaa kila mahali, kwa hiyo chembe ya alfa inayokwenda kasi ingepinda kidogo tu na kupita.

Chache zilirudi. Katika maandiko yake ya 1911 Rutherford ananukuu takwimu hii: kupita kwenye dhahabu yenye unene wa sentimita 0.00004, chembe 1 katika kila 20,000 hivi iligeuka kwa wastani wa nyuzi 90. Unene huo ni tabaka elfu moja na mia kadhaa za atomu. Chembe 19,999 zinapita kana kwamba hakuna kitu, na moja inageuzwa njia.

Wengi tunasimulia hadi hapo, kisha tunasema "ndipo Rutherford akagundua kiini". Tunaruka miaka miwili ya hesabu. Rutherford ilibidi aonyeshe kwamba mgeuko mkubwa hauwezi kuwa jumla ya migeuko midogo mingi; kwamba ni mgongano mmoja na chaji kubwa iliyokusanyika mahali padogo sana; na kwamba ikiwa ni hivyo, idadi ya chembe katika kila pembe lazima ifuate kanuni fulani. Geiger na Marsden wakarudi gizani, wakahesabu pembe kwa pembe, kanuni ikasimama. Jambo moja linanifurahisha kila nikilifundisha: 1911 Rutherford hakudai kujua kama chaji ya katikati ni chanya au hasi. Vipimo vyake havikumwambia, akaacha wazi.

Ukubwa wa utupu huo unafaa kuonekana kwa macho. Chukua punje ya choroko yenye upana wa milimita 5, uiweke katikati ya Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, pale mpira unapoanzia. Hicho ndicho kiini cha atomu ya dhahabu. Mpaka wa atomu yenyewe uko kwenye mistari ya magoli. Kati ya choroko na goli hakuna kitu isipokuwa elektroni 79, na karibu uzito wote wa uwanja umo ndani ya ile choroko.

Dhahabu hiyo ina historia yake hapa mjini. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamebanwa na vita na wameishiwa sarafu, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli hapa hapa Tabora. Zina picha ya tembo, uzito wake gramu 7 na ushee, robo tatu yake dhahabu halisi. Ukipiga hesabu, sarafu moja ina atomu za dhahabu ambazo idadi yake ni 16 ikifuatwa na sifuri 21. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta kwa jina la mji wetu, nasi tunafundisha jaribio la dhahabu kana kwamba dhahabu ni kitu cha Manchester.

Mchoro wa Rutherford ulikuwa na ugonjwa mbaya tangu kuzaliwa. Elektroni inayozunguka ni chaji inayogeuka njia kila wakati, na kwa sheria za umeme zilizokuwa zinafanya kazi vizuri kila mahali, chaji ya namna hiyo lazima itoe mwanga na kupoteza nishati. Ingeporomoka kwenye kiini chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa maneno mengine, atomu iliyopatikana kwa kipimo kizuri namna ile haikuwa na ruhusa ya kuwepo. Rutherford alijua. Aliliacha, kwa sababu kipimo kilikuwa kimeshasema.

Reli ya Kati ilifika Tabora 1912. Mwaka huo Niels Bohr, kijana Mdenmaki, alikuwa Manchester kwa miezi michache akilitazama tatizo hilo. Kufikia Februari 1914, reli ilipofika Kigoma, makala zake tatu zilikuwa zimeshachapwa. Alichofanya ni cha kijasiri, au cha kihuni, inategemea unamuuliza nani. Alisema tu kwamba elektroni ina njia maalumu ambazo ikiwa humo haitoi mwanga. Kwa nini? Basi tu. Ikiruka kutoka njia moja kwenda nyingine, hutoa au humeza mwanga wenye nishati sawa na tofauti ya njia hizo.

Kilichowafanya watu wamsikilize ni namba. Mwanga wa hidrojeni ukipita kwenye prizimu hautoi upinde mzima wa mvua. Hutoa mistari michache, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, 486, 434 na 410. Johann Balmer, mwalimu wa shule kule Basel, alikuwa amepata kanuni inayoitoa mistari hiyo tangu 1885, bila kujua kwa nini inafanya kazi. Bohr aliitoa kanuni hiyo kutoka kwenye uzito wa elektroni, chaji yake na namba ya Planck, ile inayofunga nishati ya mwanga na rangi yake. Mwalimu wa shule alikuwa ameketi na ufunguo kwa miaka 28 kabla mlango haujajulikana uko wapi.

Kwetu somo hili lina maabara kubwa isiyolipiwa ada, nayo ni chumvi. Chemchemi za Uvinza zilichemshiwa chumvi karne nyingi kabla ya reli, na chumvi yake ilitembea hadi mbali na ziwa na ng'ambo ya Malagarasi. Tupa chumvi kwenye moto wa buluu wa jiko la gesi, au acha maji ya chumvi yafurike kwenye sufuria: moto unageuka manjano papo hapo. Rangi hiyo ni ya sodiamu. Elektroni yake ya nje, ile moja iliyobaki baada ya 2 na 8, imerushwa juu na joto, na inaporudi inatoa mwanga wa nanomita 589. Haijalishi chumvi imetoka Uvinza au baharini; haijalishi moto ni wa kuni au wa gesi. Manjano ni yale yale, kwa sababu ngazi za sodiamu ni zile zile.

Hadi hapa Bohr anapiga kifua. Lakini itazame manjano hiyo kwa kifaa kizuri zaidi, utaona si mstari mmoja. Ni miwili: 589.0 na 589.6. Pengo la nanomita 0.6 tu. Na mchoro wa ukutani hauna pa kuliweka. Una duara moja la nje lenye kidoa kimoja, na kidoa hicho hakina namna ya kuwa na nishati mbili zinazokaribiana kiasi hicho. Sommerfeld alishajaribu kuutia mchoro viraka 1916 kwa kugeuza baadhi ya miduara kuwa mizingo ya mviringo mrefu. Ilisaidia kwa hidrojeni, haikutosha. Ni 1925 ndipo vijana wawili wa Leiden, Uhlenbeck na Goudsmit, waliposema elektroni ina spini, sifa ya ndani inayoifanya iwe kama sumaku ndogo yenye pande mbili tu za kuelekea. Pande mbili, nishati mbili, mistari miwili. Kila mara sufuria ya wali inapofurika, moto unatoa ushahidi dhidi ya mchoro ulioko ukutani.

Kulikuwa na mashtaka mengine. Bohr hakuweza kuipata heliamu, yenye elektroni mbili tu. Hakuweza kueleza kwa nini mistari mingine inang'aa na mingine imefifia. Hata hivyo katika miaka hiyo 12 mchoro wake ulizaa matunda ambayo hayajaoza. Henry Moseley, 1913 na 1914, alipima mionzi ya eksirei ya elementi moja baada ya nyingine, akaonyesha kwamba nafasi ya elementi katika jedwali ni hesabu ya chaji ya kiini, wala si uzito. Jedwali la Mendeleev likapata namba za nyumba. Moseley aliuawa Gallipoli Agosti 1915, ana miaka 27. Vita hiyo hiyo ilimweka Geiger kwenye mizinga ya Kijerumani na Marsden upande wa Waingereza, na Septemba 1916 ikawaingiza Wabelgiji Tabora.

Kilichokuja 1925 na 1926, kwa Heisenberg na kisha Schrödinger, noti zetu hukiita "wingu" na kupita haraka. Wingu limekuwa neno la kufungia mjadala. Mwanafunzi huelewa kwamba ni miduara ile ile iliyochorwa vibaya, elektroni ikikimbia kasi mno hata haionekani. Si hivyo. Bohr alisema elektroni ya hidrojeni iliyotulia ina kiasi fulani cha mzunguko, kipimo kimoja kamili. Hesabu ya Schrödinger inasema ni sifuri. Haizunguki kabisa. Ukubwa wa atomu hautokani na elektroni kuwa njiani. Unatokana na kwamba elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi haliwezi kubanwa kwenye nukta bila nishati yake kupanda. Max Born akaongeza 1926 kwamba tunachoweza kukokotoa ni uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Mwaka uliofuata, wimbi hilo likapimwa: Davisson na Germer huko Marekani, na G. P. Thomson huko Uskoti, walionyesha elektroni zikitoa michirizi kama mwanga unavyofanya. Huyo Thomson wa pili ni mtoto wa yule wa kwanza. Baba, naye mwenye Nobeli, alionyesha elektroni ni chembe, mwana akapata yake kwa kuonyesha ni wimbi, na hakuna kati yao aliyepima vibaya.

Ya kiini nayapitia mbio, kwa kuwa hayagusi mchoro. Chadwick alipata nyutroni, chembe ya kiini isiyo na chaji, 1932. Kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni, zilipendekezwa 1964, na majaribio ya Stanford kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yakatumia mbinu ile ile ya Rutherford, kurusha chembe na kuangalia zinavyogeuka, ila safari hii shabaha ilikuwa protoni.

Wenzangu wa chaki wana majibu mawili kwa malalamiko yangu. La kwanza: muda hautoshi, silabasi ni ndefu, mtihani wa taifa unauliza "taja". Hilo nalielewa, nami nimo kwenye mkumbo huo huo. Lakini jaribio la chumvi linachukua dakika mbili, na hesabu ya kaboni inaingia ubaoni kwa mistari mitatu. Tunachokiita kukosa muda mara nyingi ni muda tuliotumia kuchora.

La pili ni zito zaidi, na silisikii kwa walimu peke yao. Vijana wanauliza: kama wanasayansi wamebadilisha maelezo mara tano, tutaamini vipi ya sasa? Kesho si watabadilisha tena? Foleni ya wazee inazalisha swali hili moja kwa moja. Ukimfundisha mtu kwamba historia ni watu kukosea kwa zamu, ana haki ya kungoja zamu inayofuata. Mwenye vipimo mkononi hawezi kuyumba hivyo. Anajua kwamba gramu 4 na gramu 8 za Dalton zipo, uwiano wa Thomson upo, chembe 1 katika 20,000 ipo, mistari ya Balmer ipo, na kwamba maelezo yoyote mapya yatakayoletwa kesho lazima yatoe namba hizo zote kabla hayajaruhusiwa kuongeza ya kwao. Schrödinger hakukubaliwa kwa kumpinga Bohr. Alikubaliwa kwa sababu alitoa mistari yote ya hidrojeni aliyotoa Bohr, bila ile "basi tu".

Sipendekezi mchoro ubanduliwe. Kwa kueleza kwa nini sodiamu inaachia elektroni moja na klorini inaipokea, miduara ya 2, 8, 1 inatosha, kama mpira wa Dalton unavyotosha kwa sabuni. Ningeongeza tu chini yake mwaka wa kuzaliwa, na zile namba mbili za manjano.

Na kwenye mtihani wa majaribio ningeweka swali hili mahali pa lile la "taja kauli nne za Dalton":

"Lita 2 za hidrojeni na lita 1 ya oksijeni hutoa lita 2 za mvuke wa maji, vyote vikipimwa katika joto na mgandamizo ule ule. Chukulia kwamba ujazo sawa wa gesi una idadi sawa ya chembe. Dalton alisema chembe ndogo kabisa ya gesi ya oksijeni ni atomu moja, na atomu haigawanyiki. Onyesha kwa nini kauli hizi mbili haziwezi kukaa pamoja na kipimo hiki, kisha ueleze ni ipi ungeibadilisha ili kuiokoa nyingine. Maksi 10."

Avogadro angepata zote. Dalton mwenyewe, kwa ukaidi aliokuwa nao juu ya namba za Gay-Lussac, nadhani ningempa 4.